Kura za Waswahili wa Rwanda: Jinsi uungaji mkono ulivyohama kutoka chama chao hadi kwa mgombea wa wengi

Katika mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, Kiswahili ni lugha ya soko, ya mpakani na ya msikitini. Ng'ambo ya mto upo mji wa Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na wanaovuka daraja kila siku kwa biashara hawahitaji mkalimani. Kusini zaidi, katika uwanda wa Bugarama unaojulikana kwa mashamba ya mpunga, ipo jamii kubwa ya Waislamu, mojawapo ya zile zinazotajwa kila yanapozungumzwa makazi ya zamani ya Waislamu nchini humo.

Waislamu hao, ambao Wanyarwanda wengi huwaita kwa jina moja tu la Waswahili, ni takriban asilimia 2 ya wananchi wote, kwa mujibu wa sensa za mwaka 2012 na 2022. Kwa idadi hiyo hawawezi kumpa mtu urais wala kumnyima. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 30 uungaji mkono wao umekuwa na nafasi katika siasa za Rwanda. Waliwahi kuwa na chama kilichobeba jina la dini yao. Chama hicho kilibadili jina, kikaingia katika muungano wa chama tawala, na mwaka 2024 kikasimama peke yake katika uchaguzi wa bunge huku kikiendelea kumuunga mkono mgombea urais wa chama kingine.

Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo ilivyokuwa, mahali ambapo mgombea urais huamuliwa hasa nchini Rwanda, na kile ambacho jamii ndogo inaweza kupata au kupoteza inapoamua mapema kumfuata mgombea wa wengi.

Waswahili wa Rwanda ni akina nani?

Uislamu uliingia Rwanda mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia wafanyabiashara waliotoka pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na askari, makarani na watumishi waliofuatana na utawala wa Kijerumani. Msikiti wa kwanza wa Kigali, ulioko Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Wageni hao walizungumza Kiswahili, na wenyeji waliosilimu wakajifunza lugha hiyo pamoja na dini. Ndiyo maana katika Kinyarwanda neno "Umuswahili" lilikuja kumaanisha Mwislamu, hata kama mtu huyo na wazazi wake wamezaliwa Rwanda na hawajapata kuiona bahari.

Wabelgiji walipochukua nchi baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1916, Waislamu walitengewa mitaa yao pembezoni mwa miji. Elimu ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, hasa Kanisa Katoliki, na mtoto wa Kiislamu aliyetaka kusoma mara nyingi alijikuta akitakiwa kubatizwa. Wengi wakabaki katika biashara ndogondogo, udereva, ushonaji na kazi za mikono. Kwa kuwa njia ya kufika ofisi za serikali ilipita shuleni, jamii hiyo ilifika katika miaka ya kudai uhuru ikiwa na wafanyabiashara wengi na wasomi wachache.

Eneo la Rusizi lilikuwa na sifa yake ya pekee. Nchi hii, iliyojulikana zamani kwa jina la Kinyaga na baadaye kuwa mkoa wa Cyangugu, iko mbali na makao makuu ya utawala na karibu na Congo. Watu wake walizoea kuvuka kwenda kutafuta kazi na bidhaa Bukavu. Mwaka 2006, mageuzi ya utawala yalipofuta mikoa ya zamani, Cyangugu iligawanywa katika wilaya mbili za Rusizi na Nyamasheke, zote zikiwa ndani ya Mkoa wa Magharibi.

Kabla ya vyama vingi

Katika harakati za kuelekea uhuru, sehemu ya Waswahili wa mijini iliunga mkono chama cha UNAR, kilichotetea ufalme na kudai uhuru wa haraka. Chama hicho kilishindwa. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Septemba 1961, uliofanyika pamoja na kura ya maoni kuhusu ufalme, Parmehutu ilipata viti 35 kati ya 44 vya bunge na UNAR viti 7. Ufalme ulikataliwa, na ndani ya miaka michache Parmehutu ikabaki kuwa chama pekee.

Kwa Waislamu, somo la miaka hiyo lilikuwa chungu. Walioshabikia upande ulioshindwa walijikuta wakitazamwa kwa mashaka na utawala mpya. Mwaka 1964 liliundwa shirika la Waislamu wa Rwanda, AMUR, lililosimamia mambo ya dini na kujiepusha na ushindani wa vyama. Mapinduzi ya tarehe 5 Julai 1973 yalimweka madarakani Juvénal Habyarimana, ambaye mwaka 1975 alianzisha chama cha MRND kilichohesabu kila Mnyarwanda kuwa mwanachama. Katika chaguzi za 1978, 1983 na 1988 palikuwa na mgombea urais mmoja tu. Katika hali hiyo, hapakuwa na uungaji mkono wa kuhamisha.

Chama chenye jina la dini

Mlango ulifunguliwa mwezi Juni 1991, katiba mpya iliporuhusu vyama vingi. Pamoja na vyama vikubwa vya MDR, PSD na PL, kilijitokeza chama kidogo cha PDI, herufi zilizosimama kwa Kifaransa badala ya Parti Démocratique Islamique, yaani Chama cha Kidemokrasia cha Kiislamu. Kwa mara ya kwanza Waislamu wa Rwanda walikuwa na chombo cha kisiasa kilichowataja kwa jina.

PDI haikuwa na uwezo wa kusimamisha mgombea urais wa kushinda. Hoja yake ilikuwa nyingine: kwamba watu waliotengwa shuleni na ofisini kwa vizazi kadhaa wanahitaji kiti mezani ili wasisahaulike wakati mambo yanapogawanywa. Mazungumzo ya Arusha, yaliyomalizika kwa mkataba wa tarehe 4 Agosti 1993, yalikuwa hasa ya kugawana madaraka kati ya vyama, na katika mgawanyo wa namna hiyo hata chama kidogo huhesabiwa.

Mkataba huo ulimtaja mtu mmoja wa Cyangugu kuwa waziri mkuu wa serikali ya mpito. Huyo alikuwa Faustin Twagiramungu, aliyezaliwa huko mwaka 1945, kiongozi wa MDR. Chama chake kiligawanyika vibaya kuhusu uteuzi huo, upande mmoja ukimtambua na mwingine ukimfukuza. Serikali iliyokusudiwa haikuundwa kwa wakati, na mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza.

Mwaka 1994 na sifa isiyo ya watu wote

Baada ya mauaji hayo, Waislamu wa Rwanda walipata sifa ambayo hawakuwahi kuwa nayo. Watafiti na waandishi wa habari waliandika kwamba katika mitaa mingi ya Waislamu watu waliwaficha jirani zao Watutsi, na kwamba baadhi ya viongozi wa dini walikuwa wamewaonya waumini mapema wasishiriki. Idadi ya waliosilimu katika miaka iliyofuata iliongezeka.

Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haikumhusu kila mtu, na historia ya Rusizi ni ushahidi wa hilo. Yussuf Munyakazi, Mwislamu na mfanyabiashara wa Bugarama aliyeongoza Interahamwe wa eneo hilo, alitiwa hatiani mwaka 2010 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa makosa ya mauaji ya kimbari na maangamizi, kutokana na mashambulizi dhidi ya Watutsi waliokimbilia parokia za Shangi na Mibilizi mwishoni mwa Aprili 1994. Hukumu hiyo ilithibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2011.

Kwa mtu anayetaka kuelewa siasa za jamii hiyo, jambo hili lina uzito. Linaonyesha kwamba hata kabla ya 1994 Waswahili wa Cyangugu hawakuwa kundi moja lenye msimamo mmoja. Walikuwemo waliojiunga na MRND, waliofuata upinzani, waliojiunga na RPF, na waliojiweka kando.

2003: Mwana wa Cyangugu na herufi moja

Bunge la mpito lililoanza kazi mwishoni mwa 1994 lilikuwa na viti 70, na PDI ilipewa viwili. Twagiramungu alikuwa waziri mkuu kuanzia Julai 1994 hadi Agosti 1995, alipoondoka serikalini na baadaye kwenda kuishi Ubelgiji. Alirejea mwaka 2003 kugombea urais.

Mwaka huo ulibadili mambo mawili kwa mpiga kura Mwislamu wa Rusizi. La kwanza ni katiba. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 26 Mei 2003 ilipiga marufuku vyama vya siasa kujengwa juu ya rangi, kabila, ukoo, eneo, jinsia au dini. Baada ya yaliyotokea mwaka 1994, wachache walithubutu kupinga katazo hilo hadharani. Kwa PDI, maana yake ilikuwa moja: ama kufa, ama kubadili jina. Chama kikachagua kuishi kikiitwa Parti Démocrate Idéal, yaani chama bora cha kidemokrasia. Herufi tatu zilibaki zilevile. Maana ya herufi ya mwisho ndiyo iliyobadilika, kutoka Uislamu kwenda ubora.

La pili ni uchaguzi wenyewe. Kwa upande mmoja alikuwepo Paul Kagame wa RPF. Kwa upande mwingine alikuwepo Twagiramungu, mzaliwa wa Cyangugu, ambaye alilazimika kusimama kama mgombea huru kwa kuwa MDR ilikuwa imeondolewa katika ulingo wa siasa. PDI ilikuwa upande wa Kagame. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Agosti 2003 Kagame alishinda kwa asilimia 95.05, na Twagiramungu akapata asilimia 3.62. Siku chache kabla ya kura, polisi waliwakamata watu 12 wa kampeni ya Twagiramungu. Naye aliyakataa matokeo, lakini Mahakama ya Juu ilitupilia mbali malalamiko yake. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya nao walitaja kasoro katika zoezi hilo.

Katika uchaguzi wa bunge uliofuata muda mfupi baadaye, PDI ilisimama katika muungano ulioongozwa na RPF, na ikafanya hivyo tena mwaka 2008, 2013 na 2018. Hivyo chama kilichoanzishwa ili Waislamu wawe na sauti yao kikawa sehemu ya sauti ya chama tawala.

Mchujo hufanyika wapi?

Msomaji aliyezoea habari za uchaguzi wa Marekani huenda akauliza kura ya mchujo ya Rwanda iko wapi. Jibu ni kwamba hakuna mchujo wa wazi unaowashirikisha wapiga kura wote. Kila chama humteua mgombea wake katika mkutano mkuu. Kwa upande wa RPF, mashauriano ya ndani huanzia vijijini na kupanda ngazi kwa ngazi hadi mkutano wa taifa. Tarehe 9 Machi 2024 mkutano huo ulimteua tena Kagame kwa asilimia 99.1 ya kura za wajumbe.

Vyama vingine vina njia mbili: kusimamisha mtu wao, au kutangaza kumuunga mkono mgombea wa RPF. Mwaka 2010 vyama vya PSD na PL vilisimamisha wagombea wao, na kila kimoja kikapata chini ya asilimia 6. Mwaka 2017 na 2024 vyote viwili vilimuunga mkono Kagame. PDI haikuhitaji kufanya mabadiliko hayo, kwa kuwa tangu 2003 ilikuwa upande huohuo.

Njia ya tatu ni ya mgombea huru. Sheria inamtaka awe na saini 600 za wapiga kura, zikiwemo angalau 12 kutoka kila wilaya kati ya wilaya 30 za nchi. Sharti hilo lina maana kubwa kwa wilaya za mpakani kama Rusizi, kwa sababu kila mgombea huru lazima afike huko kutafuta watu walio tayari kuandika majina yao hadharani. Wapo waliokwama katika hatua za awali. Diane Rwigara alizuiwa kugombea mwaka 2017 na tena mwaka 2024, na mwezi Machi 2024 mahakama ilikataa ombi la Victoire Ingabire la kurejeshewa haki za kiraia ambazo zingemwezesha kugombea.

Mashirika ya kutetea haki za binadamu, yakiwemo Human Rights Watch na Amnesty International, yamesema mara kwa mara kwamba uwanja wa siasa nchini humo ni finyu. Serikali na RPF hukanusha, zikisema matokeo yanaonyesha umoja, usalama na maendeleo ambayo wananchi wameyaona kwa macho yao.

Vyovyote mtu atakavyolitazama suala hilo, matokeo yake kwa kundi dogo ni yaleyale. Mgombea anapokuwa ameshajulikana kabla ya siku ya kura, thamani ya uungaji mkono iko katika hatua ya uteuzi. Anayejiunga mapema hukumbukwa. Anayengoja hadi siku ya kura hukuta hesabu imeshafungwa.

Walichopata na walichoacha

PDI ilijiunga mapema kuliko wengi. Kiongozi wake, Sheikh Mussa Fazil Harerimana, alikuwa Waziri wa Usalama wa Ndani kuanzia 2006 hadi 2016. Chama chake kilikuwa miongoni mwa sauti za mwanzo kutaka hadharani katiba ibadilishwe ili Kagame aweze kugombea tena. Zaidi ya saini milioni 3.7 ziliwasilishwa bungeni kuomba mabadiliko hayo, na kura ya maoni ya Desemba 2015 ikayapitisha kwa zaidi ya asilimia 98.

Mambo mengine yalibadilika pia katika miaka hiyo, ingawa si yote yanayoweza kuhesabiwa kuwa kazi ya chama kimoja. Idd-el-Fitri na Idd-el-Adha ni sikukuu za kitaifa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Februari 2017 wabunge walipitisha sheria iliyofanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Lugha iliyokuwa alama ya watu wa pembezoni ikapata nafasi katika nyaraka za serikali.

Upande wa pili wa mizani upo pia. Mwezi Machi 2018 uongozi wa Nyarugenge, jijini Kigali, ulizuia misikiti kutumia vipaza sauti kwa adhana, ukitaja kero ya kelele. Sheria ya mashirika ya kidini iliyotungwa mwaka huohuo ilitaka viongozi wa nyumba za ibada wawe na elimu ya chuo kikuu, sharti zito kwa jamii ambayo wazee wake walinyimwa shule. Masharti hayo yaliwahusu Wakristo na Waislamu kwa pamoja. Lakini katika mfumo ambao dini haiwezi kuwa msingi wa chama, hakuna mwanasiasa anayeweza kuinuka na kuyafanya kuwa ajenda ya Waislamu katika kampeni. Hiyo ndiyo bei ya herufi iliyobadilishwa mwaka 2003.

Hesabu ya mwaka 2024

Katika uchaguzi wa Julai 2024, rais na wabunge walichaguliwa kwa wakati mmoja. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 9. Kagame, aliyeungwa mkono na RPF na vyama vingine vinane, PDI ikiwa mojawapo, alipata asilimia 99.18. Frank Habineza wa chama cha Green alipata asilimia 0.50, na mgombea huru Philippe Mpayimana asilimia 0.32.

Habari ya kuvutia zaidi ilikuwa katika kura za bunge. Safari hii PDI haikuwa ndani ya orodha ya muungano wa RPF. Ilisimama peke yake ikapata asilimia 4.61 ya kura na viti 2 kati ya 53 vinavyogombewa na vyama na wagombea huru. Idadi hiyo ya viti ilikuwa sawa na ya chama cha Green na ile ya PS-Imberakuri. Muungano wa RPF ulipata asilimia 68.83 na viti 37. Mwezi Agosti, Harerimana alichaguliwa kuwa mmoja wa manaibu spika wa Baraza la Wabunge.

Tarakimu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini. Waislamu ni takriban asilimia 2 ya wananchi. Tukichukulia kwamba sehemu yao katika wapiga kura ni hiyohiyo, basi hata kama kila Mwislamu nchini angeipigia PDI, kura hizo zisingefika nusu ya zile ambazo chama kilipata. Zaidi ya nusu ya waliokipigia, kwa vyovyote, si Waislamu.

Maana yake ni kwamba mambo mawili yametokea sambamba. Chama kimewaacha Waswahili kama msingi wake wa pekee na kuwa chama cha kawaida kinachotafuta kura za kila mtu. Nao Waswahili hawafungwi na chama hicho. Kura zao zimesambaa katika RPF, PDI na vyama vingine. Wapo Waislamu walioshika nyadhifa wakiwa ndani ya RPF yenyewe. Kwa hiyo anayezungumzia "kura ya Waswahili" leo mjini Kamembe au Bugarama anataja kitu ambacho hakiwezi tena kupimwa kwa kutazama matokeo ya chama kimoja.

Mombasa na South Carolina

Hali ya Rwanda hueleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na mahali ambapo mchujo una ushindani wa kweli.

Nchini Kenya, Najib Balala, Mwislamu wa Mombasa, alikuwa miongoni mwa waliowania tiketi ya urais ya chama cha ODM mwaka 2007. Katika mkutano wa uteuzi wa tarehe 1 Septemba huko Kasarani, Nairobi, alijitoa na kumuunga mkono Raila Odinga, aliyeshinda uteuzi. Mkoa wa Pwani, ambao mwaka 2002 ulikuwa umempa Mwai Kibaki kura nyingi, ulihamia kwa Raila, aliyepata huko takriban asilimia 59. Baada ya serikali ya mseto kuundwa mwezi Aprili 2008, Balala akawa Waziri wa Utalii. Baadaye alihamia upande wa Jubilee, lakini mwaka 2013 kaunti za Pwani zilibaki na Raila. Kiongozi alihama, wapiga kura hawakumfuata.

Nchini Marekani, mwaka 2007 Wamarekani weusi wengi walikuwa nyuma ya Hillary Clinton katika mchujo wa chama cha Democratic. Waliomtilia shaka Barack Obama walihofia kwamba wazungu hawangempigia. Aliposhinda Iowa tarehe 3 Januari 2008, katika jimbo lenye wazungu wengi, hofu hiyo ilianguka. Tarehe 26 Januari alishinda South Carolina kwa asilimia 55, na takriban wanane kati ya kila wapiga kura weusi kumi walimchagua. Mbunge John Lewis, mkongwe wa harakati za haki za kiraia aliyekuwa amemuunga mkono Clinton, alitangaza mwezi Februari kwamba amehamia kwa Obama, akiwafuata wapiga kura wa jimbo lake. Miaka 12 baadaye, katika jimbo hilohilo la South Carolina, wapiga kura weusi walimwokoa Joe Biden baada ya kushindwa katika majimbo matatu ya mwanzo, siku tatu tu baada ya mbunge James Clyburn kutangaza kumuunga mkono.

Katika mifano hiyo, kundi dogo lilikuwa na nguvu kwa sababu lingeweza kwenda upande mwingine, na kila mgombea alilijua hilo. Viongozi waliongoza mara nyingine, na mara nyingine walivutwa na watu wao.

Kilichobaki mkononi mwa mpiga kura

Nchini Rwanda jambo hilo ndilo linalokosekana katika ngazi ya urais. Uungaji mkono unaojulikana mapema, tena kwa miaka 20, hulipwa kwa nafasi na heshima, lakini hauna tishio la kuondoka. PDI ilifanya uamuzi unaoeleweka kwa jamii iliyowahi kuadhibiwa kwa kuwa upande ulioshindwa. Iliwapatia watu wake mahali ndani ya nyumba, lakini haikuwaachia nafasi ya kuuliza kama nyumba nyingine ingewafaa zaidi.

Hata hivyo, matokeo ya bunge ya 2024 yameacha dirisha wazi. Chama kilichotoka katika orodha ya muungano kimethibitisha kwamba kinaweza kuhesabiwa peke yake. Katika kura ya urais mpiga kura wa Rusizi alipewa majina matatu ambayo matokeo yake yalikuwa yanatabirika, lakini katika karatasi ya pili, ya wabunge, alikuwa na orodha kadhaa na sauti yake ilipimika. Endapo PDI itabaki peke yake katika uchaguzi ujao wa bunge, na endapo vyama vingine navyo vitaanza kuyazungumzia mambo yanayowagusa watu wa Bugarama na Kamembe, kama vile elimu, biashara ya mpakani na masharti ya nyumba za ibada, Waswahili wa Rwanda huenda wakapata tena kile walichokitafuta mwaka 1991, yaani kusikilizwa kabla ya uamuzi kufanyika.